Kuunda mashua ndogo ya tanga nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo vyote vilivyomo humu ni vya chombo kimoja: mashua ya mbao ya urefu wa mita 5.2 (futi 17), upana mita 1.8, inayozama kama nusu mita ikiwa na watu watatu na mizigo yao. Ni mashua ya kutembea pwani kwa siku kadhaa, ya kulala ndani ya hori au nyuma ya kisiwa, si ya kuvuka bahari kuu. Ukibadilisha ukubwa, badilisha na vipimo vingine vyote.

## Kabla hujanunua ubao

1. Nimewahi kutengeneza meza na milango tu. Naweza kuunda mashua?

Unaweza, lakini mazoea ya meza yatakusumbua. Fundi seremala anategemea pembe mraba na mstari ulionyooka, na kwenye mashua hivyo viwili havipatikani. Kila ubao una mkunjo, na ukingo wake hauna budi kuendana na mkunjo wa ubao jirani. Jicho ndilo chombo cha kwanza cha kupimia: unarudi nyuma hatua kumi, unachuchumaa, unautazama mstari kutoka omo (mbele ya chombo) hadi tezi (nyuma). Pakiwa na kibyongo, jicho litakiona kabla ya futi.

Kama uwezo unaruhusu, mlipe fundi wa vyombo kwa siku chache, si kwa kazi nzima. Siku zenye thamani kubwa ni mbili: ile ya kuunganisha mkuku (uti wa mgongo wa chombo) na fashini (nguzo za mbele na nyuma), na ile ya kupiga ubao wa kwanza unaoshikana na mkuku. Mafundi wa kazi hii bado wapo Nungwi, Matondoni kule Lamu, na kisiwa cha Chole, Mafia. Wengi wao huunda bila mchoro, kwa hiyo nenda na maswali mahususi, usiende kuomba ramani.

2. Kwa nini mashua, si ngalawa, dau au jahazi?

Ngalawa ni nyepesi na ina mbio, lakini huchongwa kwenye gogo moja, mara nyingi la mwembe, na gogo la unene huo siku hizi ni la kutafutwa. Juu ya hayo, ndubi na mirengu yake, yaani miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke, huchukua nafasi nyingi bandarini, na ndani hakuna pa kulaza mtu. Dau lina ncha mbele na nyuma. Ni zuri kwenye mawimbi yanayokufuata, ila ubao wa nyuma ni mgumu kuukunja kama wa mbele, kwa hiyo kazi ngumu unaifanya mara mbili. Jahazi ni chombo cha biashara.

Mashua ina tezi bapa. Ubao unaishia kwenye bapa hilo bila kujipinda sana, nafasi ya nyuma ni pana, na usukani ni rahisi kuupachika. Kwa mtu anayeanza, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

3. Kwa nini futi 17? Si bora nijenge kubwa moja kwa moja?

Mbao na kazi haziongezeki sawa na urefu. Mashua ya futi 24 si kubwa kwa asilimia 40 tu kuliko hii. Mbao zake ni nene zaidi, mkuku hauinuliwi na watu wanne, na tanga lake linahitaji mabaharia. Chini ya futi 15, nako, hakuna pa kulala na wimbi la mkondo wa Pemba litakulowesha mchana kutwa. Viunzi vingi vinavyooza chini ya miembe vilianzishwa vikiwa vikubwa mno.

4. Nahitaji nafasi gani, na muda gani?

Kivuli cha mita 7 kwa 4 chenye paa la makuti au bati, na upande mmoja usio na ukuta. Jua la moja kwa moja hupasua ubao uliokwisha kupigwa, kwa hiyo paa si anasa. Kwa mtu mmoja mwenye msaidizi siku za mapumziko, hesabu saa 500 za kazi, yaani karibu mwaka.

Pima lango na njia ya kutokea kabla ya kulaza mkuku. Upana ni mita 1.8, lakini kubeba kunataka zaidi: watu wanane ubavuni, au magogo ya kuviringisha.

5. Vifaa vya kazi ni vipi?

Tezo, msumeno wa mkono, randa ndefu na fupi, patasi tatu, keekee au drili ya umeme, nyundo ya kilo moja, nyundo ya mti na patasi butu za kalafati (kuziba mianya ya mbao kwa pamba), timazi, pimamaji, na ufito mwembamba ulionyooka wa mita 6 wa kuchorea mikunjo. Vibano havitoshi kamwe. Kumi ndiyo mwanzo. Ukikosa vya chuma, kamba na kabari hufanya kazi ileile, na mafundi wa zamani hawakuwa na vingine.

## Mbao na misumari

6. Mbao gani iende wapi?

Mkuku na fashini: mbambakofi au mvule. Mbambakofi ni nzito na ngumu, na uzito wake chini ya chombo unakufaa.

Ubao wa ubavu: mvule ukiweza bei yake, mkangazi, mninga au mtiki. Mfenesi na mwembe hutumika pia. Mwembe ni rahisi kupata na hukunjika vizuri, ila huoza upesi maji ya mvua yakituama juu yake. Ukitumia mwembe, uweke chini ya mstari wa maji ya chumvi, usiuweke kwenye ubao wa juu.

Mataruma, yaani mbavu za ndani, yanataka mti uliojipinda wenyewe. Taruma lililokatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka hukatika pale nyuzi za mti zinapokatishwa. Ndiyo maana mafundi huzunguka na kielelezo cha waya au cha ubao mwembamba wakitafuta tagaa lenye mkunjo huo. Mikoko ilitumika sana (tazama swali la 9). Mwarobaini, mkwaju na mtondoo ni mbadala mzuri.

Mlingoti na foromali (mti unaobeba tanga): mvinje au mkaratusi mchanga ulionyooka.

7. Ninunue kiasi gani?

Eneo la ubavu wa mashua hii ni kama mita za mraba 10.5. Ubao wa inchi 1 kwa 8, futi 12, una mita za mraba 0.73, kwa hiyo kwa hesabu kavu ni mbao 15. Nunua 20. Zile tano si hasara; ni mafundo, nyufa na mikunjo inayokula upana. Inchi 1 ya dukani ukiipiga randa itabaki milimita 22, na ndio unene unaotakiwa.

Mkuku: kipande kimoja cha inchi 4 kwa 6, mita 4.2. Usiunge mkuku kwenye chombo cha kwanza. Mataruma: jozi 14 za unene wa milimita 50, kwa nafasi ya sentimita 33. Ongeza mbao 4 za kukingia juu, mabao matatu ya kukalia, na boriti moja nzuri ya kushikia mlingoti.

8. Nitajuaje kuwa ubao umekauka?

Kata kipande cha sentimita 30 kutoka katikati ya ubao, si nchani. Kipime kwenye mizani ya duka kila juma. Kikiacha kupungua uzito kwa majuma matatu mfululizo, ubao uko tayari. Kwa hewa ya pwani, ubao wa inchi 1 uliopangwa kivulini, ukitengwa kwa vijiti ili upepo upite, huchukua miezi mitatu hadi sita.

Ubao mbichi ukipigwa leo utasinyaa chini ya paa lako, na kila mwanya utafunguka baada ya kalafati. Ule uliokaushwa kupita kiasi nao una balaa lake: ukikalafatiwa kwa nguvu halafu ukafura majini, unaweza kuvuta misumari. Hili ndilo kosa namba moja la mashua za nyumbani. Watu humaliza fedha kwenye rangi wakati ubao waliununua mbichi.

9. Naweza kukata mikoko?

Si kwa kujiamulia. Tanzania Bara mikoko ni misitu ya hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), Kenya iko chini ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), na Zanzibar idara ya misitu ndiyo inayotoa kibali. Hata mbao za bara zinahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Idai kwa muuzaji, kwa sababu kwenye kizuizi anayeulizwa ni wewe mwenye mzigo.

10. Misumari gani?

Ya chuma iliyochovywa kwenye zinki ya moto, ile ya kijivu iliyofifia na yenye ngozi ya kukwaruza. Ile inayong'aa kama sahani ina zinki nyembamba sana na haitamaliza misimu miwili. Ukubwa ni inchi 4: milimita 22 za ubao, 50 za taruma, na iliyobaki inapinduliwa ndani na kupigwa irudi kwenye mti. Kila ubao unapokutana na taruma piga miwili. Jumla ni kama 650; nunua kilo 15.

Toboa kwanza kwa keekee nyembamba kidogo kuliko msumari. Chini ya kichwa zungusha uzi wa pamba uliochovywa mafuta, kisha zamisha kichwa milimita 4 na uzibe. Uzi ule mdogo ndio unaozuia maji kuteremka na msumari hadi ndani. Ukiuacha, utakumbana na swali la 28.

Skrubu za shaba ya manjano hazifai chini ya maji: chumvi hula zinki iliyomo na kuacha kitu chekundu kinachovunjika kwa vidole. Chuma kisichoshika kutu kinafaa juu ya maji, lakini kikifunikwa ndani ya mti uliolowa pasipo hewa huliwa kwa siri. Usichanganye shaba na chuma mahali pamoja. Chuma ndicho kitakachokufa.

## Kuunda kiunzi na kupiga ubao

11. Kazi inaanzia wapi na inafuatana vipi?

Laza mkuku juu ya magogo, usawa wa goti, unyooshwe kwa uzi na ufungwe usisogee. Simamisha fashini ya mbele ikilala kuelekea mbele, na fashini ya nyuma ikibeba bapa la tezi. Hakikisha kwa timazi kwamba bapa halikuegemea upande. Kosa la sentimita mbili hapa litaonekana chombo kikielea, na hapo hakuna dawa.

Chonga pande zote mbili za mkuku na fashini mkato wa kupokea ubao. Kina chake ni sawa na unene wa ubao, na pembe yake inabadilika: katikati ya chombo imelala, mbele imesimama. Chonga kwa hatua, ukijaribu na kipande cha ubao kila sentimita 20.

Simamisha vielelezo vitatu (swali la 12), kisha mataruma machache ya katikati. Piga ubao wa kwanza, halafu wa pili na wa tatu, kila mmoja kulia na kushoto siku ileile. Ukipiga upande mmoja hadi juu, kiunzi kitapinda. Ukifika nusu ya ubavu, ingiza mataruma yaliyobaki kwa kuyachonga yafuate umbo lililokwisha kupatikana, endelea hadi ubao wa juu, kisha funga mkingo na mabao ya kukalia. Mabao hayo ndiyo yanayozuia mbavu kufunguka, kwa hiyo usiyachukulie kama viti.

Chini ya kila taruma, kando ya mkuku, acha tundu la upana wa kidole ili maji ya ngama (chini kabisa ndani ya chombo) yatembee hadi pa kukumbia. Ukilisahau sasa, kulitoboa baadaye ni mateso.

12. Bila mchoro nitapataje umbo?

Tumia vielelezo vitatu vya mbao chakavu: kimoja katikati, kimoja robo ya mbele, kimoja robo ya nyuma. Cha katikati kiwe na upana wa mita 1.8 juu, na kina cha sentimita 75 kutoka mkuku hadi ukingo. Pitisha ufito wa mita 6 kutoka fashini, juu ya vielelezo vyote, hadi tezi. Ufito ukigusa vyote bila kulazimishwa, umbo ni sahihi. Ukiacha mwanya au ukivunja mkunjo, kipunguze au kijaze kielelezo, si ufito.

Mashua nzuri iliyolala mchangani kijijini kwenu ni mchoro tosha. Omba ruhusa ya mwenyewe, ipime kila nusu mita.

13. Ubao wa mbele unagoma kukunjika au unapasuka. Nifanyeje?

Kwanza angalia upana. Ubao wa sentimita 20 hauwezi kujipinda na kujizungusha kwa pamoja pale omo. Upasue uwe wa sentimita 12 hadi 14. Pili, uloweke siku mbili tatu, kisha upashe moto au uutie mvuke ndani ya bomba la bati kwa saa moja. Ukitoka una dakika chache tu, hivyo vibano viwe tayari. Anza kuufunga mbele, ukiuvuta taratibu kuelekea tezi.

Ubao usiofika urefu wote huungwa kwa ubao mwingine kati ya mataruma mawili, ukiwekewa kipande cha kubebea ndani. Viungo vya mbao jirani vipishane mita moja au zaidi.

14. Kalafati inafanywaje?

Mwanya mzuri umebana ndani na umefunguka nje milimita 2 hadi 3. Ukiwa wazi hadi ndani, pamba itapenya na kuangukia ngamani. Itoe na uingize kipande chembamba cha mti kwanza. Sokota pamba iwe nene kama penseli, ichovye kwenye sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi, uikamue. Iingize kwa patasi butu ikiwa imejikunja vitanzi vidogo, kisha irudie kwa kuipiga hadi nyundo ibadilishe sauti. Mlio mzito maana yake pamba bado imelegea. Ukigeuka mkavu, acha. Ukiendelea kupiga hapo unausukuma ubao utoke kwenye taruma.

Mianya yote ni kama mita 90, na pamba ni kilo 2 hadi 3. Juu ya pamba paka rangi nyembamba ya mafuta kisha uzibe kwa mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ukiacha mbonyeo mdogo. Ukisawazisha kabisa, ubao ukifura utautema nje kama mstari wa dawa ya meno.

15. Chini nipake nini?

Desturi ni deheni, chokaa iliyopondwa na shahamu, ambayo ni rahisi na hupakwa tena kila mwezi mmoja au miwili. Adui ni yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Huingia akiwa mdogo kama tundu la sindano na kukua ndani. Rangi ya dukani ya kuzuia viumbe hudumu zaidi, lakini nyingi zina shaba, na shaba ikigusa vichwa vya misumari ya zinki huila. Kama ni hiyo unayoitaka, ziba kila kichwa na utangulize tabaka mbili za rangi ya kawaida.

Juu ya maji, adui ni mvua. Maji ya chumvi huhifadhi mti, ya mvua huuozesha. Funika mashua kwa turubai lililoinuliwa ili hewa ipite.

## Ukichagua plaiwudi

16. Je, plaiwudi na epoksi si rahisi zaidi?

Kwa asiye na fundi jirani, ndiyo. Vipande hukatwa bapa, hushonwa kwa waya kwenye kingo, kisha pembe hujazwa epoksi na kufunikwa kitambaa cha nyuzi za kioo. Mtu wa pwani hapaswi kuliona jambo hilo geni, maana mtepe nao ulishonwa, kwa kamba za kumbi. Chombo cha ukubwa huu hutoka na kilo 180 hivi badala ya 400, na hakina kalafati.

Bei ndiyo inayouma. Unahitaji plaiwudi ya baharini ya kiwango cha BS 1088, karatasi 9 au 10 za milimita 6 na 9, na kilo 20 hadi 25 za epoksi. Plaiwudi ya dari haifai hata ukiipaka nini. Jaribio: chemsha kipande saa kadhaa, kikaushe, urudie. Tabaka zikiachana, rudisha mzigo. Karatasi zinaungwa kwa kuzichonga mteremko wa urefu mara 8 ya unene.

17. Epoksi inaganda koponi kabla sijaipaka, au inakauka ikiwa na utando wa mafuta.

Kuganda ni joto letu. Changanya gramu 200 kwa mara, zimwage kwenye sahani pana badala ya kopo, na utumie kigandishaji cha polepole. Utando ni unyevu wa hewa. Osha kwa maji na sifongo ya kukwaruza kabla ya tabaka linalofuata, la sivyo halitashika. Paka mti mtupu jioni joto likishuka. Asubuhi mti unapopata moto, hewa iliyomo hutoka na kuacha vipovu.

Usipunguze wala kuongeza kigandishaji ili kubadili mwendo. Uwiano ni ule wa mtengenezaji, kwa mizani.

## Mlingoti, tanga na farumi

18. Vipimo vya mlingoti na tanga?

Mlingoti mita 4.2, unene sentimita 11 pale unapopita kwenye boriti, mita 2 kutoka omo. Kilele kitangulie mbele sentimita 35 hivi, kama ilivyo desturi, ili foromali ipate nafasi ya kupita. Foromali mita 6, ya miti miwili ya mita 3.8 iliyofungwa kwa kupishana mita 1.6 katikati. Ikivunjika, unabadilisha nusu tu.

Tanga la pembe tatu: mita 6 upande wa foromali, 5.2 upande wa nyuma, 5 chini. Linatoka na mita za mraba 12 na zaidi kidogo. Wavuvi hutweka kubwa kuliko hili, lakini wao wana vijana watatu wa kukaa ukingoni.

19. Nitumie nguo gani?

Marekani nzito au turubai la pamba, mita 12 za upana wa mita 1.5. Lifue kwanza lisinyae. Vipande vielekee sambamba na upande wa nyuma, mshono mara mbili, na kamba ishonwe pande zote. Turubai la plastiki ni rahisi na jua hulimaliza kwa msimu. Linafaa kujaribia umbo kabla hujakata nguo ya fedha.

20. Mashua yangu inagoma kubisha (kwenda kinyume cha upepo).

Tanga la foromali halikusudiwi kugeuzwa kwa kukata upepo usoni. Unageuza kwa kupisha upepo nyuma: legeza demani (kamba ya kuvutia tanga), elekeza chombo kiende na upepo, simamisha foromali, ipitishe mbele ya mlingoti, kaza upande wa pili. Unapoteza masafa kila mara, kwa hiyo panga njia yenye migeuko michache.

Kama hata mwendo ulionyooka unaupigania na kana (mpini wa usukani) inakuvuta mkono, chombo kinataka kugeukia upepo. Sogeza farumi (uzito wa kukitulizia chombo) nyuma kidogo, au vuta foromali mbele. Isipotosha, mlingoti uliwekwa nyuma mno.

21. Farumi kiasi gani?

Kilo 100: mifuko mitano ya mchanga ya kilo 20, iliyofungwa isiteleze. Mifuko ni bora kuliko mawe kwa sababu unaimwaga bahari ikichafuka au ukikwama. Mbao za mashua hii zikijaa maji bado zinaelea, lakini farumi na nanga vinaumaliza uwezo huo karibu wote. Funga madumu manane matupu ya lita 20 chini ya mabao ya kukalia. Kila moja linainua kilo 20.

## Kushua na kusafiri

22. Tumeishua na inavuja kama kapu. Tumekosea?

Huenda hapana. Chombo cha mbao kilichokaa mwaka kivulini lazima kivuje siku ya kwanza. Kiache kwenye maji mafupi siku mbili tatu, kikijaa na kupwa, huku ukikumba maji kwa upo (kata ya kukumbia). Usikalafati tena kabla ya siku ya nne. Maji yakizidi kupungua, ni kufura. Yakiingia mahali pamoja kwa mwendo uleule, weka alama ya chokaa ndani na ushughulike na hapo tu maji yakipwa.

Shua siku mbili kabla ya kilele cha bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu). Ukikwama mchangani, maji ya kesho ni makubwa zaidi. Ukikwama siku ya kilele chenyewe, utasubiri nusu mwezi.

23. Vibali?

Vinatolewa na mamlaka za usafiri wa majini: Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Chombo hukaguliwa na kusajiliwa. Waone kabla ya kuanza, kwani mkaguzi aliyeona mashua ikiwa kiunzi ana maswali machache baadaye.

24. Nibebe nini kwenye safari ya siku mbili tatu?

Jaketi okozi la kila mtu, likiwa limevaliwa. Nanga ya kilo 7, mnyororo wa mita 3 na amari (kamba ya nanga) ya nailoni ya milimita 12, mita 40. Hesabu yake ni hii: ukitia nanga penye mita 2 maji yakiwa yamepwa, bamvua inaweza kukuletea karibu mita 4 zaidi, na amari inataka mara tano ya kina. Mita 30 ndicho kiwango cha chini.

Beba makasia mawili, upo na ndoo, dira, taa, maji lita 4 kwa mtu kwa siku, pamba na chokaa ya kuzibia, mbao mbili fupi na misumari. Redio ya mkono ya VHF isikilize chaneli 16. Simu hukatika nyuma ya visiwa.

25. Msimu gani ni mzuri?

Desemba hadi Machi, kaskazi ikiwa imetulia. Juni na Julai kusi huwa kali, na mashua hii haina kazi nje ya miamba. Mkondo wa pwani unaelekea kaskazini, na wakati wa kusi unaweza kufika noti (maili za baharini kwa saa) 3 hadi 4. Anayetoka Tanga kwenda Pangani wakati huo anasukumwa nyuma na vyote viwili. Ondoka alfajiri kwa umande (upepo wa asubuhi utokao nchi kavu), fika kabla ya upepo wa alasiri, na usiingie mlango wa mwamba jua likiwa usoni, kwa sababu rangi ya maji huioni.

## Mambo yasiyo ya kawaida

26. Naweza kufunga mashine?

Ya nguvu farasi 4 hadi 6 inatosha. Bapa la tezi liongezewe ubao wa ndani wa milimita 40 uliofungwa hadi kwenye mataruma. Mashine kubwa zaidi huzamisha tezi na kutikisa misumari.

27. Itafaa Ziwa Tanganyika au Victoria?

Itafaa, kwa mabadiliko. Mdudu wa baharini hayupo, kwa hiyo deheni huihitaji, lakini hakuna chumvi ya kuhifadhi mti na uozo huja haraka. Acha mwembe kabisa. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama. Ongeza ubao mmoja wa juu wa sentimita 12.

28. Naona michirizi ya kutu ikishuka kwenye rangi. Nifumue mashua?

Gonga kichwa cha msumari kwa nyundo ndogo. Ukilia mkavu, kwangua, ziba upya, paka. Ukilia bubu au ukicheza, usiupige ndani. Acha ulipo, toboa sentimita 4 pembeni kwenye taruma hilohilo na upige mpya wenye uzi wa pamba. Ukihesabu zaidi ya theluthi ya misumari ya ubao mmoja ikiwa bubu, fumua ubao huo peke yake na ulitazame taruma. Mti mweusi na laini kuzunguka tundu ukatwe hadi kwenye mti mzima, na taruma jipya liwekwe kando ya lile la zamani badala ya kuling'oa.

29. Matundu madogo yanatoa ungaunga au utelezi chini ya mstari wa maji.

Mdudu ameingia. Iegemeze mchangani maji yakipwa, kwangua, ipitishie moto wa makuti makavu kwa haraka bila kuunguza, mpaka ubao uwe wa moto kiasi cha kutoshikika kwa kiganja. Anza upande ulio chini ya upepo na weka ndoo za maji karibu na mianya ya kalafati. Kisha deheni nene ikiwa ubao bado una joto. Choma ncha ya kisu kila sentimita 10: ikizama bila ukinzani, ubao huo umekwisha kuwa mrija mtupu ndani na ubadilishwe. Kwa mashua ya plaiwudi usitumie moto. Kata sehemu iliyoingiwa, kausha, uweke kiraka chenye mteremko kama wa swali la 16.